Kodi ya miezi sita kwa mkupuo, tuitoe wapi?

Hivi mwenye nyumba wa Dar anadhani mtu aliyemaliza chuo juzi anaitoa wapi kodi ya miezi sita kwa mkupuo? Mshahara, ukibahatika kuupata, unalipwa kwa mwezi. Kodi inatakiwa ya nusu mwaka, wengine mwaka mzima, na juu yake dalali anataka ya kwake ya mwezi mmoja. Dalali huyohuyo keshachukua hela ya kukuzungusha Sinza nzima, akikuonyesha vyumba visivyofanana hata kidogo na picha alizokutumia.

Ukitaka nafuu unasukumwa mabondeni, karibu na Mto Msimbazi, ambako masika yakichachamaa watu wanahamisha magodoro usiku. Au unapewa chumba cha uani, geti halina komeo, choo cha kuchangia kiko nje gizani. Kwa binti anayeishi peke yake hilo si jambo dogo, na linaniuma sana.

LUKU nayo, yaani umeme wa kulipia kabla, ya pamoja: wewe una taa na simu, jirani ana friji na pasi, mnachanga sawa.

Pokeeni kodi ya mwezi mmoja mmoja, jamani, au hata mitatu. Na geti litiwe komeo.