Mwisho Uko Katikati

Mwanatumu ana miaka 15, ni binti wa nahodha, na mwaka ni 1589, ule ambao Wareno walimkamata Ali Bey, Mturuki, hapahapa Mombasa. Maharamia wanapora pwani, na yeye kajificha ngamani, chini kabisa ndani ya mtepe, chombo cha tanga cha babake. Ndiyo katuni yenyewe: kurasa 24 za A5, nyeusi na nyeupe, jalada kando la karatasi ya gramu 250. Mtepe nimeuchora kama ulivyokuwa, mbao zimeshonwa kwa kamba za nazi, tanga la mkeka la pembe nne. Ngomeni nimeacha mwamba mtupu, maana Fort Jesus ilianza kujengwa 1593.

Mkasa ulianzia kwenye mashine.

Kitabu cha kukunja na kupiga pini hakichapwi moja, mbili, tatu. Karatasi ya A4 ikikunjwa katikati hubeba kurasa nne, mbili kila upande, kwa hiyo kurasa 24 ni karatasi sita zilizoingiana. Ile ya nje kabisa ina 24 kushoto na 1 kulia. Nyuma yake 2 na 23. Inayofuata ni 22 na 3, nyuma 4 na 21. Jumlisha jozi yoyote utapata 25. Jozi ya katikati, 12 na 13, ndiyo peke yake yenye sura ya akili timamu.

Faili lilifika duka moja la uchapaji likiwa limepangwa hivyo. Kijana wa mashine akalifungua, akaona 24 imekaa na 1, akanionea huruma. Simu hakupiga. Akapanga upya: 1 na 2, nyuma 3 na 4, 5 na 6, nyuma 7 na 8, vivyo hivyo hadi 24. Akachapa nakala 100, akakunja, akapiga pini mbili mgongoni, akasawazisha kingo. Kazi safi sana, haki yake apewe.

"Kaka, faili lako lilikuwa shaghalabaghala," akanipokea kwa bashasha. "Nimekunyooshea. Hiyo sikuchaji."

Jalada nalo aliliona lina bahari nyingi mno, akabandika picha ya Fort Jesus kwenye ule mwamba. Mlangoni imeegeshwa tuktuk.

"Watu wajue ni Mombasa."

Sasa, ukikunja mpango ule, msomaji anapata hivi: 2, 3, 6, 7, 10, 11, 14, 15, 18, 19, 22, 23, 24, kisha 21, 20, 17, 16, 13, 12, 9, 8, 5, 4, 1. Yaani hadithi inasoma mbili inaruka mbili hadi penye pini, inatangaza MWISHO, halafu inageuza tanga na kurudi kinyumenyume mpaka ukurasa wa kwanza, ambao ndio wa mwisho.

Ukurasa wa 19 haramia anaanguka baharini na papa kaachama. Wa 23, bandari nzima vigelegele. Unafunua mara mbili: wa 17, haramia yuleyule yuko juu ya chombo, kanzu kavu, kilemba hakijaloa hata ncha, anafoka, "Leo ni leo!"

Nakala chache zilinitoroka zikafika barazani, Mji wa Kale, kabla sijazificha. Watoto waliotoka chuo cha Kurani walikuwa wakibishana juu ya papa.

"Alimtapika. Kama Nabii Yunus."

"Astaghfirullahi! Haramia huyo!"

Ugomvi huo sikuuingilia. Aliyenimaliza ni mzee mmoja aliyekula chumvi ya majahazi miaka mingi. Alisoma jalada hadi jalada, tuktuk akaisamehe, akavua miwani.

"Huyu mchoraji anaijua bahari," akasema. "Wenzake huandika safari ya kwenda tu, utadhani chombo hakirudi. Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani."

Na kweli! Anavyosoma yeye, msichana kapigana, kashinda, karudi bandarini, na ukurasa wa 8 huyo anaingia ngamani kujificha. Wa 4 mama kamkamata sikio: "Huendi baharini!" Wa 1, maandishi makubwa: "Huyu ni Mwanatumu. Hajawahi kupanda chombo."

"Umeona?" mzee akamwambia jirani yake. "Anamficha mamake. Wote tulikuwa hivyo."

Toleo la pili wameshaliulizia, na sharti lao ni mpangilio uleule. Mimi nimelichora kwa mpangilio wa wanadamu: kurasa 28, karatasi saba, kila jozi jumla yake 29. Safari hii nimekunja kitabu cha mfano kwa karatasi tupu, nikaandika namba za kurasa kwa penseli, na juu ya kila karatasi, kwa kalamu nyekundu, 29. Nikakiweka mbele ya kijana na kumweleza taratibu, jozi baada ya jozi. Akasikiliza kwa adabu, akakigeuzageuza.

"Nimekuelewa, kaka," akasema. "Lakini shilingi 29 kwa nakala, utapata hasara."