Neno "riot" kwenye magazeti ya zamani ya Marekani

Kuna hili neno riot, magazeti ya Marekani ya zamani yalilipenda mno, na sisi tukikutana nalo tunaandika ghasia au fujo halafu tunasonga mbele. Siku hizi wako wanaosema lilikuwa neno la kuficha wauaji, na wako wanaosema jamani mnawaonea wale waandishi, ndo lugha ya wakati wao. Nimelifikiria sana hili na naona wote wana hoja, ila mizani haikai sawa.

Tuanze na Tulsa, Oklahoma. Kuanzia jioni ya Mei 31, 1921 mpaka kesho yake wazungu wenye bunduki walivamia Greenwood, mtaa wa watu weusi wenye maduka, hoteli, sinema na makanisa, wakapora wakatia moto, zaidi ya vitalu thelathini vya nyumba vikabaki majivu, na makadirio ya waliouawa yanafika mpaka 300. Magazeti yakaandika "race riot", yaani ghasia za rangi. Kuna postikadi za picha za siku ile, moja inaonesha moshi mzito juu ya mapaa na imeandikwa Afrika Ndogo inaungua, race riot ya Tulsa. Nyingine, picha ya moshi uleule, mtu kaandika kwa mkono kwamba hapa weusi wanatimuliwa Tulsa. Ziweke hizo mbili pamoja uone, kwenye ya kwanza mtaa unaungua wenyewe tu hakuna aliyeuchoma, kwenye ya pili mtu kasema kabisa nani anafanyiwa nini.

Sasa wanaolitetea neno wana hoja nzito mbili. Kwanza, miaka ile ukisoma race riot ulikuwa unaelewa ni kundi la wazungu limevamia weusi, ndivyo ilivyokuwa Atlanta 1906 na Springfield, Illinois 1908, hii picha ya weusi kuchoma maduka ilikuja kushika baadaye, Watts, mtaa wa Los Angeles, 1965 na Detroit 1967, kwahiyo tunasoma magazeti ya kina babu kwa miwani ya leo. Hata magazeti ya weusi wenyewe yalilitumia. Pili kuna Chicago 1919, walikufa 38, weusi 23 na wazungu 15, na weusi wengi walishika silaha wakajilinda, pale ukiandika mauaji ya halaiki unawafuta wale waliosimama kupigania nyumba zao. Hiyo ya Chicago naikubali kabisa.

Lakini kusema hawakuwa na neno lingine, hapana. East St. Louis, Illinois, 1917, wazungu walipowavamia weusi, Ida B. Wells, mwandishi mweusi, alifunga safari akaenda mwenyewe kuongea na waliopoteza kila kitu, akatoa kijitabu na kwenye jina la kijitabu akaweka massacre, yaani mauaji ya halaiki, na jarida la NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, nalo likaandika hivohivo mwaka uleule. Neno lilikuwepo na watu walilichapisha.

Wengine wanadai Tulsa iliitwa riot ili bima zisilipe. Hapo mi nasita kidogo, manake kifungu cha kukataa hasara za riot kilikuwa tayari kwenye mikataba ya bima ya moto kabla hata ya kiberiti kuwashwa, na kisheria kundi likiua na kuchoma ni riot vilevile, hata gazeti lingeandika nini. Ila machungu yake ni ya kweli, William Redfearn, mzungu aliyekuwa na hoteli na sinema Greenwood, alifika mpaka mahakama kuu ya jimbo na mwaka 1926 akashindwa kwa kifungu hichohicho, sasa fikiria mjane mweusi mwenye kibanda kimoja angempata wapi wakili.

Kinachonimaliza ni Wilmington, North Carolina, Novemba 10, 1898. Wazungu walichoma ofisi ya gazeti la Alexander Manly, mhariri mweusi, halafu wakapiga picha wamejipanga mbele ya jengo lililoungua, kofia kichwani bunduki mkononi, wametulia kama watu wa harusi. Siku hiyohiyo wakaulazimisha uongozi wa mji uliochaguliwa ujiuzulu na Alfred Waddell, mmoja wa viongozi wao, akawa meya. Ghasia gani inaondoka na meya mpya jioni? Na hata tume ya jimbo iliyotoa ripoti yake 2006 ilikuwa bado imebeba riot kwenye jina. Tulsa, kamati ya kumbukumbu ya miaka 100 ilibadili jina lake kuwa massacre 2018.

Kwahiyo nikitafsiri, kichwa cha habari cha zamani nakiacha kama kilivyo ndani ya alama za nukuu, msomaji aone walichoandika. Nikisimulia mwenyewe naandika ghasia za Chicago, mauaji ya Tulsa, mapinduzi ya Wilmington.