Shonda Rhimes: kalamu au muhuri?

Siku hizi jina la Shonda Rhimes, mwandishi wa tamthilia za televisheni wa Marekani, likitajwa, wengi hukumbuka Bridgerton. Lakini tamthilia hiyo, iliyoingia Netflix Desemba 2020, hakuibuni yeye. Aliyeibuni ni Chris Van Dusen, akitumia riwaya za Julia Quinn. Rhimes ni mtayarishaji, na kampuni, Shondaland, ni yake. How to Get Away with Murder, tamthilia nyingine ya Shondaland, nayo ilibuniwa na Peter Nowalk. Je, mwandishi akishakuwa na kampuni, sifa anazovuna ni za kalamu yake au za muhuri wake?

Wanaomtetea wana hoja nzito. Van Dusen na Nowalk wote walipitia mikononi mwake, wakiandika Grey's Anatomy, tamthilia ya madaktari, na Scandal, zote mbili alizozibuni yeye. Tena tamthilia ya sehemu 24 kwa mwaka haiandikwi na mtu mmoja. Huandikwa na jopo, na kiongozi wa jopo ndiye anayeamua isikike vipi. Grey's ilipoanza kwenye televisheni ya ABC mwaka 2005, andiko lake halikutaja rangi ya wahusika. Waigizaji wakachaguliwa, hospitali ikapata mabingwa wa upasuaji weusi, na hakuna aliyesimama kulieleza hilo. Bridgerton ilipowavika weusi taji na vyeo vya kikabaila katika London ya 1813, ilikuwa inatembea kwenye njia hiyohiyo.

Upande wa pili husema muhuri umechosha kazi. Mwaka 2017 Rhimes alitangaza mkataba na Netflix, usukani wa Grey's ukashikwa na Krista Vernoff, kisha Meg Marinis, na sehemu zimeshapita 400. Hapo sikubaliani nao kabisa. Bomu, ajali ya feri, mtu mwenye bunduki, ndege kuanguka: yote hayo yaliwapata madaktari walewale kabla Rhimes hajaondoka. (Mimi niliacha kuitazama ndege ilipoanguka.) Tatizo ni urefu. Tamthilia inayoleta fedha haifungwi, hata hadithi ikiwa imeshakwisha.

Ndiyo maana namheshimu zaidi kwa Scandal, aliyoifunga mwenyewe mwaka 2018 baada ya misimu saba, na kwa Queen Charlotte ya 2023, hadithi ya ujana wa malkia wa Bridgerton, aliporudi kwenye kalamu. Sehemu sita tu. Mwishoni malkia anaingia chini ya kitanda ili azungumze na mumewe anayeugua akili, na tukio hilo halikuhitaji ndege yoyote kuanguka.