Ukifanyia kazi nyumbani, unayempoteza si rafiki

Rafiki utampigia simu. Unayempoteza ni yule wa idara nyingine, hata jina lake kamili hulijui, mliyezoea kupishana kwenye ngazi. Anakuuliza mbona leo umenuna, unamweleza ripoti imekukwama, naye anashangaa: "Hilo sisi tulishalitatua mwezi jana!" Dakika mbili tu. Hakuna anayeitisha kikao cha mtandaoni kwa jambo kama hilo, na ukiwa nyumbani hujui hata kama yupo wa kuulizwa.

Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alieleza kwamba watu tunaojuana nao juujuu ndio hutuletea habari mpya, kwani wa karibu wanajua yale yale tunayoyajua. Uchunguzi wa wafanyakazi zaidi ya 61,000 wa Microsoft nchini Marekani, katika nusu ya kwanza ya 2020, ulikuta kwamba walipohamia nyumbani kila kundi lilizidi kujifungia, likiwasiliana kidogo zaidi na makundi mengine.

Lakini tusiipambe ofisi. Ethan Bernstein na Stephen Turban walichunguza kampuni mbili zilizoondoa kuta ili watu wachangamane. Matokeo yao ya 2018: mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70, barua pepe zikaongezeka. Na kuna aliyekuwa akisemwa kila siku kwa mavazi yake. Huyo nyumbani amepumua, na ana haki ya kupumua.

Linalonifikirisha zaidi ni jaribio la Ctrip, kampuni ya usafiri ya China. Waliokaa nyumbani waliongeza utendaji kwa asilimia 13, ila walipandishwa vyeo kwa nadra kuliko wa ofisini waliofanya kazi sawa na wao. Waliporuhusiwa kuchagua upya, takriban nusu yao walitaka kurudi ofisini, upweke ukiwa sababu kubwa.

Anayeumia hasa, kwa maoni yangu, ni mgeni kazini. Mkongwe anajua amuulize nani. Mgeni hana mtu, wala hapati kumsikia mwenzake wa meza ya pili akimtuliza mteja mwenye hasira, ujuzi ambao hakuna mwongozo unaouandika.

Hata hivyo, sikubaliani na kuwarudisha watu wote ofisini siku tano kwa wiki. Zichaguliwe siku moja au mbili, timu nzima na idara jirani ziwepo pamoja, vikao vipunguzwe. Mtu akija ofisini akashinda mbele ya skrini akiongea na walioko nyumbani, amepoteza nauli bure.