Mtoto Hajifunzi Kutuliza Hasira kwa Mwalimu Mwenye Kiboko

Ingia karibu shule yoyote ya msingi hapa Nakuru utayakuta yameandikwa ukutani: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii, uadilifu. Ndiyo maadili ya CBC, mtaala wa umilisi wa Kenya, ulioanza nchi nzima mwaka wa 2019. Nayaunga mkono yote. Ila mtoto hasomi ukuta. Anamsoma mwalimu, na hapo ndipo tumemwacha mwalimu peke yake.

Stadi za kijamii na kihisia ni mambo ya kila siku: mtoto kujua anachohisi, kujizuia akiwa na hasira, kumwelewa mwenzake, kuishi naye vizuri, na kuamua kwa busara. Na zinafundishika. Mwaka wa 2011 Joseph Durlak na wenzake, watafiti wa Marekani, walikusanya matokeo ya programu 213 za shuleni zilizohusu wanafunzi zaidi ya 270,000. Mwanafunzi wa kawaida, yule wa katikati kabisa kati ya wenzake 100, alipofundishwa stadi hizi aliwapita wengine 11 katika masomo. Sisi wazazi tunaohofia kwamba muda wa hisabati unaliwa tuliangalie jambo hilo vizuri. Lakini kilichonigusa zaidi ni kwamba masomo yalipanda kwa maana pale tu kazi ilipofanywa na walimu wa shule wenyewe, si wageni walioletwa kutoka nje.

Nimeona maana yake katika mtaa wetu mmoja hapa Nakuru, Kaptembwo. Wavulana wawili wa gredi ya 4 walipigana wakati wa mapumziko kwa sababu ya mpira wa karatasi na kamba. Mwalimu wao hakuuliza nani alianza. Aliwasimamisha wakitazamana, akamwambia kila mmoja aeleze kisa cha mwenzake, si chake.

“Anasema nilimnyang’anya mpira.”

“Naye alihisi vipi?”

“Vibaya.”

“Vibaya vipi?”

Kijana alinyamaza, akakwaruza chini kwa kiatu. Kisha akasema, “Aliona kama nimemdharau mbele ya watu.”

Yule mwingine, ambaye muda wote alikuwa ameinamisha kichwa, aliinua macho. Hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake neno hilo, na ndilo lililokuwa linamuuma. Wakaendelea hadi kila mmoja akakubali kwamba kisa chake kimeelezwa sawasawa. Shida ni kwamba kipindi ni dakika 35, na somo lililofuata lilikuwa limeshaanza kuliwa.

Fimbo ingemaliza kesi ile kwa sekunde chache, ndiyo maana bado ipo. Ilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, Katiba ya 2010 ikaikataza, Sheria ya Watoto ya 2022 ikakazia. Hata hivyo, waulize watoto wako jioni. Wazazi wengi huniambia, “Sisi tulichapwa na tukawa watu.” Mimi ni mtu wa Nakuru, na ghasia za baada ya uchaguzi za Januari 2008 hazijanitoka. Watu wazima waliochoma nyumba za majirani zao walisoma wakati kiboko kilikuwa halali. Sisemi kiboko ndicho kilichowasha moto ule. Siasa na ardhi zilitosha. Nasema hakikumfundisha mtu kujizuia siku alipohitaji sana kujizuia. Mtoto anayechapwa kwa kupigana anaona kwamba mwenye nguvu zaidi ndiye mwenye neno la mwisho, basi anasubiri akue.

Lakini siwezi kumlaumu mwalimu nikaishia hapo. Darasa limejaa hadi watoto wanabanana kwenye dawati. Mwalimu wa ushauri nasaha ana vipindi vyake kama wengine, na ofisi yake mara nyingi ndiyo stoo ya vitabu, kwa hiyo mtoto mwenye shida hukaa na shida yake. Mwalimu mwenyewe ana kodi na mkopo wa sacco, na asubuhi ile labda amezomewa mbele ya wanafunzi wake. Nani anamuuliza yeye anahisi vipi? Huwezi kuteka maji kwenye kisima ambacho hakuna aliyekichimba.

Ningeanza na wakuu wa shule, kwa sababu namna wanavyomsemesha mwalimu ndivyo mwalimu atakavyomsemesha mtoto. Kisha vyuo vya ualimu vifundishe kusuluhisha ugomvi kwa vitendo, mwanachuo asimame kati ya watoto wanaogombana huku mkufunzi akitazama. Kile kipindi cha PPI, yaani cha malezi ya kiroho, ambacho kwa kawaida huachiwa mchungaji au ustadhi, kigawanywe ili mwalimu wa darasa naye akae na watoto wake bila kitabu. Na tafadhali, pasiwe na alama. Tukianza kumwandikia mtoto kwamba katika upendo “anakaribia matarajio”, atajifunza kuigiza upendo mbele ya mwenye kalamu.

Kwenye mkutano wa wazazi wa muhula huu, baada ya hesabu ya pesa za chakula na ukarabati wa vyoo, nitaomba nafasi. Nataka mwalimu mkuu atueleze watoto wawili wakipigana shuleni kwetu, hatua ya kwanza huwa nini, na mwalimu anapewa muda gani wa kuichukua. Wazazi wenzangu wa shule nyingine, ulizeni na kwenu.