Picha Arobaini na Moja

Kwa miaka mingi nilipiga picha za mtaani kwetu kwa simu, kama kila mtu: fundi baiskeli akiziba pancha, watoto wakitoka shule, paka wa kinyozi akiwa amelala juu ya kiti cha wateja. Siku niliporithi kamera ya mkanda kutoka kwa mjomba, kamera isiyotumia hata betri, niligeuka msanii kabla sijajifunza kuifungua, nikaanza kuwahurumia hadharani wote waliokuwa bado wanapiga picha kwa simu.

Jukwaa langu lilikuwa mashindano ya baiskeli ya mji wetu. Jua lilikuwa kali, nami nilikuwa nimeikariri ile kanuni ya wapiga picha wa zamani, kwamba kwenye jua kamili lenzi huwekwa f/16, yaani tundu dogo la kupitishia mwanga, na kasi ya shata, kile kipazia kinachofunguka na kufunga, hukaribiana na namba ya ISO, yaani kipimo cha wepesi wa mkanda kupokea mwanga. Mkanda wangu ulikuwa wa ISO 400, hivyo nikaweka 1/500 ya sekunde, na hesabu hiyo niliitamka kwa sauti ili waliosimama karibu nami wapate kufaidika.

Nilimpiga picha mwamuzi aliyesahau kukitoa kipenga mdomoni hata alipokuwa akihutubia. Nilimpiga mwendesha baiskeli wa mwisho, ambaye alishangiliwa kuliko mshindi. Jirani yetu mzee aliponiona alirudi nyumbani kuvaa suti, akaja kuketi mbele yangu, akavuta pumzi na kuibana muda mrefu kiasi kwamba nilibonyeza mara tatu kwa haraka, si kwa ajili ya sanaa bali kwa kuhofia uhai wake.

Mkanda ule ulikuwa wa picha 36. Kidude cha kuhesabia kilipopita hapo, wenzo wa kuvutia mkanda ukaendelea kwenda bila kukwama: 37, 38, 39. Mtu mwenye akili angeshtuka, lakini mimi nilihitimisha kwamba kiwanda kimenizidishia, nikaendelea hadi 41 na kuwaahidi watu picha kwa ukarimu uleule.

Fundi picha aliusafisha mkanda, akauinua kwenye mwanga, akanyamaza. Ulikuwa mtupu, angavu kama kioo cha dirisha kutoka mwanzo hadi mwisho, isipokuwa namba ambazo kiwanda huzichapa ukingoni, ambazo zilikuwa zimetoka vizuri sana. Akanieleza kwamba ncha ya mkanda haikunasa kwenye kigurudumu kinachouvuta, kwamba kile kidude huhesabu mivuto ya wenzo wala hakijui habari za mkanda, na kwamba shahidi wa kweli ni kitasa cha kurudishia mkanda kilicho juu, upande wa kushoto, ambacho huzunguka kila mkanda unaposogea.

“Je, kilizunguka?” akauliza.

Nikamjibu kwamba sikukitazama, kwa kuwa nilikuwa nikiyatazama maisha.

Sijui ni nani aliyeyatoa maneno yale dukani, lakini kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulikuwa umepata elimu ya kitasa. Nilipokwenda kumwomba radhi yule mzee, alinisikiliza kwa utulivu, akaenda kuvaa suti mara ya pili, akaketi, kisha akanyoosha kidole kuelekea kwenye kamera. “Mwanangu, vuta kwanza nikione kikizunguka.” Nikavuta, kikazunguka, akatikisa kichwa kuridhia. Mwamuzi naye akataka kuhakikisha, na kinyozi pia, ingawa sikuwahi kumwahidi chochote zaidi ya picha ya paka wake.

Mkanda huo wa pili ulitoka wote, picha 36 kamili, zenye mwanga mzuri na sura zinazosomeka hadi kwenye kope. Katika picha zote hizo hakuna hata mtu mmoja anayeitazama lenzi. Wote wamekodoa macho juu kidogo, kuelekea upande mmoja, wakikilinda kitasa. Paka peke yake ndiye aliyenitazama mimi.