Unayempofusha Ndiye Anayekujia

Jumamosi iliyopita nilikuwa nikirejea Kisumu kutoka matangani upande wa Muhoroni, shemeji yangu akiwa kiti cha mbele na shangazi amelala nyuma, na kwa kuwa hotuba za matanga ya huku kwetu hazina mwisho, giza lilitukuta hata Chemelil hatujafika. Tulipokaribia Miwani, gari kubwa lilitokea mbele yetu likiwa limewasha fulu, yaani taa za juu, pamoja na taa nyingine mbili zilizofungwa juu ya paa kana kwamba mwenyewe alikuwa akiwinda ndovu katika mashamba ya miwa. Nilimwashia mara moja kumkumbusha ashushe. Hakushusha. Nilimwashia tena. Hakushusha. Basi nami nikapandisha zangu na kuziacha huko huko juu, huku shemeji akinishangilia: "Mpe dawa yake!"

Nilimpa dawa yake. Tulipopishana sikuona lami wala ukingo, ila madoa ya kijani yaliyoelea machoni, na yalipoanza kufifia, mbele yangu palikuwa na trela la miwa limesimama, nusu yake ikiwa barabarani, halina taa ya nyuma wala kiakisi mwanga, limewekewa matawi matatu ya mti kama ilivyo desturi yetu. Nilikanyaga breki hadi shangazi akaamka akiliita jina la Yesu. Kati ya boneti na tawi la kwanza palibaki nafasi ya mtu mmoja kupita, tena mwembamba. Nimepofushwa Miwani, mahali ambapo jina lake tu lingetosha kunisaidia kuona.

Tangu usiku huo nimekuwa nikiwakasirikia watu wawili, yule wa gari kubwa na mimi mwenyewe, na hasira iliyodumu ni hii ya pili. Yule mwingine huenda alisahau, huenda hakujua, huenda ni mshenzi tu. Mimi nilijua. Niliamua, kwa akili zangu timamu, kumpofusha mtu aliyekuwa akiendesha tani mbili za chuma kuelekea mahali nilipoketi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hula takriban mita 22 kila sekunde, na mawili yanayokaribiana kwa mwendo huo hupunguza umbali kati yao kwa mita 44 na ushei kwa sekunde hiyo moja. Jicho nalo lina hila yake: mboni hubana upesi mwanga mkali unapoingia, lakini jicho lote huchukua sekunde kadhaa kulizoea giza tena, na kwa mtu mwenye umri mkubwa huchukua muda mrefu zaidi. Zikiwa sekunde tatu tu, nimeshakwenda mita 66 nikiwa kipofu, na yule niliyemwadhibu amekwenda mita 66 akiwa kipofu vilevile, sote tukitumaini kwamba mwenzetu anakumbuka mstari wa katikati ulikuwa wapi. Sijui adhabu nyingine ambayo mwadhibu hujitolea kuipokea pamoja na mkosaji. Hata ukimrushia mtu ngumi, walau unarudi nyuma kwanza.

Ninajua jibu litakalokuja, kwa sababu shemeji alilitoa kabla hatujafika Kibos: kwamba usipomjibu, hatajifunza. Kwani amejifunza nini? Alipita, akaenda zake, na sina shaka kwamba wa nyuma yangu alimmulika vilevile. Aliyeachiwa somo ni dereva wa trela na utingo wake, waliokuwa wamechuchumaa kando ya gurudumu na tochi ya simu, na ambao wangekufa kwa ugomvi wasioujua.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyeendesha malori kati ya Mombasa na Malaba kwa miaka mingi, alinisikiliza nikimsimulia haya, akatikisa kichwa kwa huruma niliyoiona kuwa ya dharau. "Ukipigwa taa, mwanangu, usishindane. Punguza mwendo, tazama kushoto, fuata ukingo mpaka apite." Ushauri huo una msingi hata katika chombo chenyewe, kwa kuwa taa za chini za magari yanayopita kushoto kama yetu hutengenezwa zimulike mbali zaidi upande wa kushoto, yaani kwenye ukingo huo huo, ili zisimwingie machoni anayekuja. Mzee aliniambia pia kwamba dereva mzuri hushusha taa anapoona mwangaza nyuma ya kilima au kona, wala hangoji gari lenyewe lijitokeze. Mimi siku zote nilingoja gari.

Ninakubali, tena kwa shingo upande, kwamba watu wa fulu wana sababu. Taa za chini humulika mbele yako kiasi cha mita 40 hadi 60, ilhali gari lililo kwenye kilomita 80 kwa saa huhitaji zaidi ya mita 50 kusimama hata lami ikiwa kavu. Katika barabara zetu kuna baiskeli zisizo na taa, punda waliofunguliwa, bodaboda zinazobeba kitanda, na walevi wanaotembea katikati kwa kuwa huko ndiko lami ilipo laini. Barabara ikiwa tupu na giza likiwa totoro, washa fulu, wala usimwombe mtu radhi. Anayeendesha kwa kasi na taa za chini mahali kama hapo anakimbia kuliko anavyoona. Lakini mtembea kwa miguu naye ana macho. Tunashusha kwa ajili ya magari, kisha tunamchoma mama aliyebeba ndoo hadi aingie mtaroni.

Ndani ya mji, penye taa za nguzo zinazomulika barabara, fulu ni ulimbukeni tu. Nyuma ya gari jingine ni uchokozi, maana unammulikia mwenzako kupitia vioo vyake vyote. Kwenye ukungu wa Timboroa au Kericho ni ujinga, kwa sababu matone ya maji huurudisha mwanga wako mwenyewe usoni.

Na hizi balbu nyeupe za LED tunazozipachika katika taa zilizoundwa kwa ajili ya halojeni, zile balbu za uzi! Ukiitazama balbu ya zamani yenye nyuzi mbili, chini ya uzi wa taa za chini utaona kijibakuli kidogo cha bati, ambacho kazi yake yote duniani ni kuzuia mwanga usigonge nusu ya chini ya kiakisi na kurushwa juu, machoni mwa watu. Fundi anaing'oa, anapachika kitu ambacho mara nyingi hakikai mahali uzi ule ulipokaa, mwanga unatawanyika kila upande, na mwenye gari anaondoka akitabasamu. Huyo hata akishusha, hajashusha.

Mpwa wangu anajifunza udereva hapa mjini na karibu atafanya mtihani. Anajua kusukuma kigari cha kuchezea kwenye ubao wenye mji mdogo uliochorwa, anajua nani apite kwanza kwenye mzunguko, na anajua kurudi nyuma bila kugusa nguzo, yote mchana kweupe. Nilimwonyesha kitaa cha buluu kwenye dashibodi, kile kinachowaka fulu ikiwashwa, nikamuuliza ni cha nini. Alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba ni cha kuonyesha kuwa injini imepoa. Kwa hiyo Ijumaa, saa mbili usiku, ninampeleka barabara ya Kibos, yeye akishika usukani na mimi nikiketi pale alipoketi shemeji, na gari la kwanza litakalotumulika sitasema neno. Nitautazama tu mkono wake wa kulia, kwenye kile kijiti cha taa.